Kitulo mwezi wa pili: siku tano na mama

Jumatano. Mbezi hadi Chimala

Mama aliondoka Matamba, karibu na uwanda wa Kitulo, nyanda za juu kusini, mwaka 1979, binti wa miaka kumi na saba, akaja kuolewa Temeke. Katika miaka yote niliyokulia nyumbani kwake, hakuna mwezi wa pili uliopita bila kusema, "Saa hizi kwetu mlima umeshavaa." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mlima wenye nguo. Nilipokua nikadhani ni maneno ya mtu aliyekumbuka kwao. Kumbe alikuwa anasema maua. Mwaka huu magoti yake yameanza kumsumbua, nikaona nisingoje tena. Nikaomba likizo, nikakata tiketi mbili, nikamwambia, "Mama, twende tukauone."

Tumetoka stendi ya Magufuli alfajiri, giza bado. Njiani nitapita haraka kwa sababu kila aliyewahi kusafiri kwenda Mbeya anaijua barabara hii: Mikumi, Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake (tumenunua gunia dogo kupitia dirishani, mama hapiti pale mikono mitupu), kisha Kitonga, kisha misonobari ya Mafinga. Makambako mama amefunga dirisha, akavaa sweta aliyoibeba mapajani tangu Dar. Sijawahi kumwona mtu akivaa sweta kwa furaha namna ile.

Chimala tumeshuka usiku umeingia. Ni mji wa bondeni, kwenye ukingo wa tambarare za Usangu wanakolima mpunga, na usiku huu una joto na mbu kama pwani. Baada ya kupata chumba mama amesimama nje ya mlango, akanyoosha kidole upande wa kusini ambako mimi naona giza tupu. "Ukuta uko pale," akasema. "Kesho utauona."

Alhamisi. Hamsini na Saba

Kweli ni ukuta. Asubuhi nimefungua mlango nikaukuta umesimama nyuma ya mabati ya mji, kichwa chake kimeingia mawinguni. Barabara inayoupanda kwenda Matamba watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mama alikata shauri azihesabu. Alikuwa anakunja kidole kimoja kila gari likipinda, vidole vikiisha ananigusa goti nishike kumi moja. Tulipofika makumi manne ukungu ukatuzunguka, akasahau hesabu maana aliona kitu ukingoni mwa barabara.

"Dereva, mwanangu, simama kidogo."

Dereva alikuwa kijana mwenye subira. Alisimama mahali palipo sawa, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Mama akashuka na mkongojo wake. Kwenye mkato wa mlima, majani yakichuruzika maji, palikuwa na gladioli ya porini, rangi ya chungwa lililoiva, koo lake la njano. Wanaouza maua ya harusi Dar wanauza ndugu zake walionenepeshwa shambani. Huyu alikuwa mwembamba, maua matano tu kwenye kikonyo kimoja, na mvua imemwinamisha. Mama hakuligusa. Alilitaja jina lake kwa Kiwanji, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani kwenye kufuli. Nikatoa daftari nikaandika. Hilo likawa jina la kwanza.

Matamba tumepokelewa na mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja. Sitaandika mengi juu ya walivyoshikana pale uani. Walisalimiana kwa muda mrefu sana, salamu juu ya salamu, na hakuna aliyetangulia kuachia mkono wa mwenzake.

Jioni tumekaa jikoni kwenye moto, viazi mviringo vya kuchemsha na chai ya maziwa, na sahani ya epo za Makete, ndogo na chachu kidogo. Nimemuuliza mama mkubwa maua yanaanza lini. Akanijibu kwa mpangilio wa mvua, maana huku juu mvua ndiyo inayogawa mwaka. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kuna baridi ya kuua, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, baadaye zinakauka kabisa na mara nyingi moto unapita. Mvua za kwanza zikigusa yale majivu kuelekea Desemba, vinatoka vile vifupi, vinavyochanua karibu na udongo kabla nyasi hazijavifunika. Nyasi zikipanda, na maua yanapanda nazo. "Kila moja linamngoja mwenzake apite," akasema. "Mwezi wa pili ndio wa okidi. Mmekuja vizuri."

Ijumaa. Juu

Usiku nilivaa soksi mbili na bado sikupata joto.

Tumeingia hifadhini asubuhi na kijana mwongozaji. "Shikamoo mama," akamsalimu mama. "Marahaba mwanangu, hujambo?" Alipojua mama ni mzaliwa wa hapahapa, alibadilisha namna yake ya kuongea. Kabla ya hapo alikuwa anatueleza, tangu hapo akawa anauliza.

Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mwaka 1877 alipita hapa Mwingereza mmoja, balozi mdogo Frederic Elton, na ramani za wakoloni baadaye zikaandika Elton Plateau. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hesabu inayotajwa ni aina 350 za mimea, na kati yake okidi 45 zinazoota ardhini. Nilikuwa nimezisoma namba hizo nyumbani, nikawa nimejijengea picha ya zulia la rangi lisilo na mwisho.

Kwa hiyo gari liliposimama nilinyamaza. Nilichoona ni majani. Kijani kinapanda na kushuka hadi upeo wa macho, ukungu unatembea juu yake, hakuna mti. Huku na kule doa la njano, doa jeupe. Basi. Nilimtazama mama nikiogopa kumkuta ameumia moyo, kumbe yeye ameshaacha njia, amesimama kwenye nyasi zinazomfika gotini, analia bila sauti.

"Njoo," akaniambia. "Usisimame huko. Ukisimama huoni."

Nikaenda nikachuchumaa karibu naye, na mlima ukafunguka. Sijui niseme vipi vingine. Kati ya shina na shina la nyasi kulikuwa na maua mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu: jeranamu za waridi zenye mishipa myembamba, vichwa vya njano vikavu kama karatasi ambavyo hata ukivikausha mwaka mzima havinyauki, kengele ndogo za buluu, nyota nyeupe zenye ukubwa wa kifungo cha shati. Hapo nilipoweka mikono yangu miwili tu, bila kusogea, nilipata aina tisa. Nilisogea hatua tatu nikapata nyingine. Kwenye bonde lenye unyevu palisimama yale marefu kama mienge, juu mekundu, chini ya njano, na ndege wadogo wenye midomo iliyopinda wanayagombania.

Mama alikuwa anataja, mimi naandika. Mengine jina lake lilikuwa na maana, hili la kutibu tumbo, hili ng'ombe hali, hili ukiliona usipande tena mbegu, umechelewa. Mwongozaji alikuwa na yake ya kitaalamu, basi wakawa wanabadilishana, mama Kiwanji, kijana Kilatini, na mara mbili ilitokea kwamba mama alikuwa na majina mawili kwa kitu ambacho kijana alikiita kimoja. Wakapiga magoti wote wawili kulitazama. Moja lilikuwa na unywele kwenye shina, jingine halina.

Halafu okidi. Nilikuwa nazijua zile za kwenye vyungu, za hotelini, kubwa kama viganja. Hii ilikuwa kikonyo kimoja kinene, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kimejaa vichanua vya waridi vilivyobanana kama punje za hindi. Mwongozaji akanionyesha kimoja. Petali ya juu imejikunja ikawa kofia, na nyuma ya kofia hiyo inashuka mikia miwili myembamba, mirefu kuliko ua lenyewe. Ndani ya mikia ndimo asali ilimo, chini kabisa. Akachukua unyasi mkavu, akauingiza taratibu ndani ya kofia kama mdudu anayetafuta asali, akautoa. Kwenye ncha ya unyasi ulikuwa umeganda mfuko mdogo wa njano, mdogo kuliko kichwa cha pini. Ndiyo chavua hiyo, imefungwa pamoja na gundi yake. Okidi haipeperushi chavua ovyo kwa upepo. Inaifunga kama kifurushi, inambandika mgeni mmoja, halafu inategemea huyo mgeni ataingia kwa jirani. Kijana akaingiza unyasi uleule kwenye okidi ya pili, hatua moja mbele. Ulipotoka ulikuwa mtupu.

"Nimemsaidia nyuki," akasema.

Mama alimshika bega. Hakusema kitu.

Mchana ukungu ulipasuka kwa muda kama wa nusu saa, tukauona Mtorwi, mita 2,961, kilele kirefu kuliko vyote nyanda za juu kusini. Tandawala wawili, ndege wakubwa wa nyikani, walikuwa wanatembea mbali kwenye nyasi, shingo zimenyooka, hatua za watu wazima. Mbayuwayu wa buluu walikuwa wanakata hewa juu ya vichwa vyetu. Hawa nao huja na mvua: wanataga huku, na baridi ikikaribia wanaondoka kwenda pande za Ziwa Viktoria. Kisha mvua ikaja, siyo ya kuanza na matone, ikaja yote. Tulikimbilia gari. Mama hakukimbia. Alikuja polepole na mkongojo, kitenge kimemgandia, na alipoingia garini alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeruhusiwa.

Majina kumi na tisa daftarini. Moja alilolitafuta mchana kutwa hatukuliona. Ni la zambarau hafifu, aliniambia, lenye alama ya njano kooni, yeye na dada yake walikuwa wanalipachika kwenye nywele wakienda kuchota maji. Na jina lake limempotea. Usiku nilimsikia kitandani akijaribu silabi moja moja.

Jumamosi. Ndani

Mvua kutwa. Mama mkubwa alikuwa amekwenda kwenye msiba kijiji cha jirani, akarudi jioni amelowa, tukamkaushia nguo motoni. Nikamsimulia juu ya okidi na unyasi. Alisikiliza, kisha akaniuliza kama kijana wa hifadhi alinionyesha na chini.

Hakunionyesha. Mama mkubwa akachukua viazi viwili kwenye kikapu, kimoja kizee kilichosinyaa, kimoja kipya kigumu, akaviweka kiganjani pamoja. Okidi ya hapa ndivyo ilivyo udongoni. Ina viazi viwili. Kimoja kinaliwa na ua la mwaka huu, kinasinyaa kadiri ua linavyosimama. Cha pili kinajaa, hicho ni cha mwaka kesho. Nikaelewa kitu ambacho sikukielewa jana nikiwa nimepiga magoti pale: kwa nini mlima unaoganda kwa jalidi na kuungua kwa moto unaweza kuvaa tena upya kila mvua. Sehemu kubwa ya maua haya yana ghala chini ya ardhi. Baridi na moto vinachukua yaliyo juu tu.

"Sasa mtu akija na jembe," akasema mama mkubwa.

Walikuja. Alisema ilianza kwa wingi watoto wake wakiwa shule ya msingi. Upande wa Zambia kuna chakula kinaitwa chikanda: viazi vya okidi vinakaushwa, vinasagwa, vinapikwa na karanga za kutwanga, pilipili na magadi mpaka vinashikana, halafu vinakatwa vipande kama soseji. Ni chakula cha heshima huko, na okidi za kwao zikapungua. Wanunuzi wakavuka Tunduma wakatafuta huku. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria viazi vinavyovuka kwa mamilioni kila mwaka, na hofu hiyo ni moja ya sababu za Kitulo kulindwa. Mama mkubwa hazijui hesabu hizo. Anajua madebe. Anajua wanawake waliopanda mlimani alfajiri na watoto mgongoni, na debe moja lililomnunulia mtoto wa mtu sare ya shule.

"Wewe ulichimba?" mama alimuuliza.

"Nilichimba," akajibu. "Msimu mmoja. Karo ya kaka yao. Mwaka uliofuata nikapita palepale nilipochimba, mwezi wa pili kama huu. Nyasi tupu."

Moto ulikuwa unalia. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Nami sikuwa na la kumwambia mwanamke aliyelipia shule kwa viazi vya maua, isipokuwa kumwongezea chai. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, na haioti mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni wa kuilisha. Inapita miaka kabla haijatoa ua. Kwa hiyo aliyechimba viazi vyote viwili alichukua ua la mwaka kesho, na kulirudisha mahali pake si kazi ya msimu mmoja.

Lakini akasema na hili, na naliandika kama alivyolisema: "Siku hizi napita pale. Zimeanza. Chache. Nazihesabu."

Na tulipokwenda kulala mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Mama mkubwa akasema ni nzuri, yote inateremka Usangu. Kweli maji ya uwanda huu yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika Mtera na Kidatu, na taa ya sebuleni kwetu Temeke inawaka kwa sehemu yake. Miaka yote mama amekaa chini ya mwanga uliotoka kwao.

Jumapili. Kwa Isyonje

Hatukurudi kwa Hamsini na Saba. Tumekodi gari likatupitisha juu ya uwanda, kupitia shamba la mifugo la Kitulo ambako ng'ombe wa maziwa walikuwa wamesimama kwenye ukungu hadi tumboni, tuelekee Isyonje na barabara ya lami ya Mbeya na Tukuyu.

Asubuhi mama mkubwa na mama waliagana kwa salamu zilezile za siku ya kwanza, ila sasa zimegeuzwa kinyume. Alitupa mfuko wa epo na viazi ambavyo nilijua vingenivunja mgongo stendi. Nilivipokea.

Tulikuwa tumeshaanza kuteremka, jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu Chimala, mama alipomgonga dereva begani bila hata kusema simama. Gari likasimama. Kwenye ukingo, juu ya tuta la udongo mweusi, yalikuwa kumi au kumi na mawili: kikonyo kirefu kisicho na majani ya kuonekana, petali za zambarau hafifu zimelegea nje, na kooni alama ya njano kama imepakwa kwa ncha ya kidole. Upepo ulikuwa unayatikisa, jua linapita ndani yake.

"Ni lenyewe," mama akasema.

Alishuka. Magoti yale yalimchelewesha, nikamshika kwapani mpaka akafika chini. Alikaa kwenye nyasi mbichi na uso wake sawa na maua, akayatazama moja moja. Midomo yake ilikuwa inatafuta. Kisha akaninyoshea mkono nimpe simu.

Mtandao ulikuwa upo kidogo. Mama mkubwa alipokea huku kuku wakilia nyuma yake. Mama akamweleza kwa Kiwanji, kwa haraka, nikasikia neno la nywele na neno la maji. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu mama mkubwa akacheka, kicheko cha msichana, akalitaja. Mama akalirudia. Akalirudia tena, polepole, akinitazama ili nishike kila silabi, nami nikaandika namba ishirini.